Ghala la Avit na Watu wa Goziba

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na Avit Mwijage alizionja siku ile kompyuta zote za hospitali zilipoganda asubuhi kweupe, benchi la wagonjwa wa nje limejaa hadi mlangoni. Nilipanda ngazi mpaka chumbani kwake, glovu bado iko mkono mmoja. Nilimkuta ameshika kichwa mbele ya skrini, anatazama kiduara kinachozunguka bila kufika popote.

"Avit, umefanya nini?"

"Dada Edvina, nilikuwa najenga ghala."

"Ghala la nini? La kahawa?"

"La data."

Maneno niliyomjibu siyaandiki hapa, maana mama yangu bado anasoma. Leo namshukuru Mungu kwa ajili ya kijana huyo, na wengine walioko kisiwani Goziba wana sababu kubwa zaidi ya kushukuru, ingawa hawamjui hata kwa sura. Ndiyo maana nasimulia.

Avit ni msimamizi wa kanzidata katika hospitali yetu ya misheni hapa Bukoba mjini. Kanzidata ndimo yanamokaa mambo yote ya kila siku: nani kaandikishwa, kapimwa nini, kapewa dawa gani. Kazi yake ni kama ya fundi bomba, maana hakuna anayemkumbuka hadi maji yakatike. Amezaliwa Kamachumu, kwenye familia ya migomba na kahawa, na baba yake, Mzee Ildefons, mpaka leo anawaambia majirani kwamba mwanawe anatengeneza televisheni. Avit amepanga chumba Hamugembe, Jumapili anasali misa ya kwanza, na ana tabia moja iliyokuwa ikiniudhi kuliko zote. Ukimuuliza jambo hajibu haraka. Anakurudishia swali.

Mimi ni muuguzi mkunga, na ndimi kiongozi wa kliniki ya boti. Boti yetu inakwenda Goziba tu, kisiwa cha wavuvi upande wa Muleba, ambako huwezi kufika kwa njia nyingine. Tunachanja watoto, tunapima wajawazito, tunatibu malaria na vidonda vya nyavu. Mwaka ule katibu wa hospitali, Mzee Rwekaza, alitutangazia kwamba bodi itakaa mwanzoni mwa Desemba kuamua kama boti iendelee au iuzwe. Injini ilikuwa imechoka na mafuta ilikuwa inayanywa kweli. Bodi ilitaka taarifa ya miaka kadhaa nyuma, kujua watu wa wapi wanahudumiwa kwa wingi gani. Goziba ikionekana haina watu, boti itakwenda kwa mnunuzi na mimi nitarudishwa wodini.

Wodi siiogopi. Nilichoogopa ni mstari wa kina mama ninaowaacha wamesimama ufukweni kila tunapong'oa nanga, wakiniuliza nitarudi lini.

Kazi ya taarifa alipewa Avit. Shida ni kwamba kanzidata ile ilitengenezwa kwa ajili ya leo. Ukiiuliza mgonjwa huyu kapewa dawa gani, inakujibu kabla hujafumba jicho. Ukiiuliza habari za miaka mingi, za vituo vyote na magonjwa yote kwa pamoja, inapaliwa. Avit akaamua kujifunza kujenga ghala la data, yaani mahali pa pembeni ambapo mambo yaliyopita yanapangwa ili yaulizwe kwa utulivu. Hakuwahi kujenga moja maishani mwake. Alianza kwa kuizoa kanzidata nzima na kuinakili kama ilivyo, saa za kazi, kliniki ikiwa imefurika. Hapo ndipo mimi nilipopanda ngazi.

Baada ya siku chache alinifuata na kahawa ya kutafuna, zile kavu za kwetu, amezifunga vizuri kwenye jani. Nilizipokea, maana kumkatalia mtu kahawa ni uchokozi. Akaketi na kunieleza kwamba amempigia simu Annastella, dada waliyesoma naye chuo, ambaye sasa anashughulika na maghala kama hayo kwenye benki moja Mwanza. Annastella alikuwa amecheka mpaka simu ikakatika. Kisha akapiga tena mwenyewe na kumfundisha.

"Amesema nisiisumbue kanzidata inapofanya kazi," Avit alisema. "Ninakili wakati imetulia, niweke kwenye mashine nyingine, na maswali yote niyapeleke huko."

"Hilo hata mimi ningekwambia bure."

"Amesema pia nilianza kwa majedwali, na kumbe watu huanza kwa maswali. Nimuulize kila mmoja anataka kujua nini. Ndipo niamue, mstari mmoja ndani ya ghala unasimama badala ya nini."

Nilimwambia mstari mmoja ni mgonjwa mmoja, nani asiyejua hilo. Akaniuliza kama mgonjwa mmoja haji mara nyingi. Akanichorea nyuma ya kalenda: katikati ziara moja, yaani mtu mmoja aliyehudumiwa siku moja, na kutoka hapo mikono inaelekea pembeni. Mkono mmoja unakwenda kwenye orodha ya watu, mwingine kwenye tarehe, mwingine kwenye magonjwa, mwingine kwenye mahali. Nilimwambia amechora buibui. Alicheka, akasema wenzake wanaiita nyota, lakini buibui nayo si mbaya.

Tangu siku hiyo alizunguka hospitali nzima na maswali yake. Maabara walimkimbia. Mzee Rwekaza alimfungia mlango, kisha akamfungulia, wakaongea hadi chai ikapoa. Nami nilianza kumpenda kidogo kidogo, maana alikuwa anasikiliza kweli. Watu wa kompyuta niliowajua kabla yake walikuwa wanakuja kukuambia, hawaji kukuuliza.

Ghala liliposimama, alilijaribu kwa swali la bodi. Jibu lilipotoka hakulipeleka kwa katibu, alilileta kwangu kwanza, limechapwa kwenye karatasi. Lilisema Goziba haina watu. Walikuwepo wachache sana, wa kuhesabu kwenye vidole, kana kwamba boti ile tulikuwa tunapanda kwenda kuota jua.

"Hakuna watu?" nilisema, na nadhani hata wa jengo la pili walinisikia. "Nawachoma sindano mpaka kidole gumba kinauma, wewe unaniambia hakuna watu? Hilo ghala lako lina panya!"

Hakujitetea. Alitazama ile karatasi, akanitazama mimi, akauliza, "Nikitaka kwenda nanyi, boti ina nafasi?"

Avit ni mtoto wa milimani. Ziwa analiona kila siku akiwa Bukoba, lakini kulitazama ni kitu kimoja na kulipanda ni kingine. Alivaa jaketi okozi tukiwa bado tuko ndani ya gari Muleba. Mwaloni, pale boti zinapotia nanga, alishikilia ubao wa boti kwa mikono miwili, na tulipofika katikati ya maji alikuwa amekwisha kurudisha chai yote ya asubuhi na nusu ya chakula cha jana. Nahodha alimpa ndimu anyonye. Mimi nilimcheka wazi wazi, na nakiri nilijisikia vizuri.

Goziba ukiiona mara ya kwanza unadhani ni soko lililosahau kufungwa. Vibanda vya mabati na turubai vimebanana, dagaa wameanikwa kila palipo na nafasi, redio zinashindana. Gari hakuna. Wapo Wahaya, Wasukuma, Wakerewe, Wajita, na wanawake wanaowapikia wote hao. Tulifunga turubai letu, tukapanga meza, na Avit akaomba aketi yeye mahali pa kuandikisha. Nilimpa kishikwambi, nikasimama nyuma yake.

Wa kwanza alikuwa Lilian, mama lishe, ambaye mimba yake nilikuwa naifuatilia kwa sababu ile iliyotangulia ilimtoa damu nyingi. Avit alimwamkia vizuri, kisha akamuuliza kama tunavyouliza siku zote.

"Kwenu ni wapi, dada?"

"Izigo."

Avit akaandika Izigo. Alitaka kuendelea, halafu akasita. "Goziba umekuja lini?"

Lilian alicheka. Alimwonyesha binti mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya maji kichwani. "Yule nilimzalia hapa hapa."

"Basi mbona unasema Izigo?"

"Si umeniuliza kwetu? Kibanja cha baba kiko Izigo. Hapa nina nini? Nina sufuria."

Avit aliweka kishikwambi mezani polepole. Akanigeukia. "Dada Edvina, swali ni hili hili siku zote?"

"Ni hilo hilo."

"Na wote wanajibu hivi?"

Sikuhitaji kufikiri. Kwetu sisi, ukimuuliza mtu kwao ni wapi, anakuambia palipo na kibanja, palipo na migomba na kahawa ya ukoo, ambako akifa atarudishwa. Anaweza kuishi Dar es Salaam mpaka mvi zimjae, jibu ni lile lile. Avit mwenyewe kwenye kompyuta ya hospitali ni mtu wa Kamachumu, wakati Hamugembe ndiko anakolala na ndiko mbu wake waliko. Nani angejiita mtu wa Goziba, mahali ambapo hakuna mgomba hata mmoja wa babu yake? Kanzidata ilikuwa na nafasi moja tu ya mahali, na sote tulikuwa tumeijaza nyumbani, mwaka baada ya mwaka, bila mtu kuona ajabu. Kwa hiyo wagonjwa wangu wote walikuwa wamekaa nchi kavu, Izigo na Ngenge na Nshamba, na kisiwa kikabaki kitupu.

Nilihisi machozi ya hasira. Nilimwambia, "Basi ni rahisi. Futa hizo Izigo zote, andika Goziba, tumalize."

"Sifuti," alisema.

"Avit, kikao kiko mlangoni!"

"Lilian hajadanganya, dada. Kwao ni Izigo kweli. Nikifuta hiyo nitakuwa nimetoa kosa moja nimeingiza jingine. Nitaweka mahali mara mbili. Alipotibiwa, na kwao."

Nilimwona mkaidi kupita kiasi. Mimi nilitaka boti, yeye alikuwa anatafuta mikono ya kumwongezea buibui wake. Tulirudi hatuongei, na ndimu alipewa tena na nahodha, si mimi.

Lakini aliifanya. Kila ziara iliyoingizwa ilikuwa na alama ya kifaa kilichoiingiza, na vishikwambi vya boti havijawahi kutumika mahali pengine zaidi ya Goziba. Kwa alama hiyo aliweza kurudi nyuma na kuzitambua ziara zote za kisiwani. Annastella alimsaidia kwa simu pale alipokwama, hata siku za mapumziko yake, na hakutaka malipo yoyote zaidi ya kuletewa kahawa yetu Mwanza. Mungu ambariki dada yule, sijawahi kumwona.

Siku ya bodi Avit alikuja amevaa koti lake la kanisani. Niliitwa niwepo kwa sababu ya boti, nikakaa karibu na mlango. Katibu aliuliza swali, Avit akabonyeza, na ukutani ukatokea mchoro wa vibao vya idadi ya wagonjwa, cha Goziba kirefu kuliko vya zahanati zetu kadhaa za nchi kavu. Mzee Rwekaza alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mimi nilishawaambia kisiwa hakina watu," alisema. "Kumbe wapo. Namshukuru Mungu sikuiuza ile boti mwezi wa sita, maana nilitaka."

Nilitaka kusimama nipige vigelegele. Hapo mjumbe mmoja akaomba nafasi. Alisema kwa upole kabisa kwamba anafurahi watu wapo, lakini hao ni watu wa kupita. Wavuvi. Leo wako hapa, kesho wako Ukerewe. Hospitali hii ilijengwa na jasho la waumini wa hapa, na watu wetu wa vijijini bado wanatembea kwa miguu kwenda zahanati. Kwa nini tuwafuate wageni ziwani?

Vichwa vilianza kutikisika kumkubalia. Nami nilijua kwamba kama shauri langu lingefuatwa, zile Izigo zikafutwa, tungeishia hapo, na boti ingeondoka siku ile ile.

Avit aliuliza, "Mheshimiwa, niwaonyeshe kwao ni wapi?"

Alibonyeza. Kibao kile kirefu kiligawanyika, na majina yakashuka ukutani. Nshamba. Ngenge. Izigo. Kamachumu. Majina kama Sengerema na Ukerewe yalikuwepo pia, lakini chini zaidi. Chumba kizima kilikuwa kinasoma, na nilimwona mjumbe yule amefika kwenye kijiji chake na kubaki hapo hapo.

Aliyezungumza kwanza ni Mama Klaudia, mwakilishi wa wakulima, mama mzee wa Ngenge asiyezungumza sana. Sisi tunaotoka Muleba tulikuwa tunajua habari zake. Mwanawe wa mwisho aligombana na kaka zake juu ya kibanja baba yao alipofariki, akaondoka kwenda ziwani, na simu yake haikuwahi kupatikana tena.

"Mwanangu," alimwambia Avit, "hao wa Ngenge ni akina nani?"

"Majina hayamo humu, Mama. Niliyaacha nje makusudi, ni siri ya mgonjwa."

"Umefanya vizuri. Nilitaka tu kujua kama wapo."

"Wapo, Mama."

Mama Klaudia aliitikia kwa kichwa. "Basi mimi sina mengi. Boti iende."

Mzee Rwekaza aliuliza kama kuna anayepinga. Hakuna aliyenyanyua mkono, hata yule mjumbe. Mimi nililia, na sioni haya kusema. Nilimkumbatia Avit pale pale mbele ya wajumbe, na koti lake la kanisani likaingia poda yangu yote.

Nilipotoka nje, Mama Klaudia alikuwa ananisubiri na kopo kubwa lenye mfuniko. Lilikuwa limejaa senene wa kukaanga, panzi wetu wa kuliwa, maana ulikuwa msimu wao. Alikuwa amewaletea ndugu zake wa mjini. Akanishika mkono, akanisihi kwa neno la Kihaya la heshima.

"Sikuulizi mtu, waitu. Najua kiapo chenu. Chukua hawa, uende nao huko. Atakayekuambia kwao ni Ngenge, mpe."

Safari iliyofuata Avit alikuja tena, safari hii kwa sababu ya maswali mapya ya kuandikisha. Sasa yalikuwa mawili: unaishi wapi, na kwenu ni wapi. Aliketi pale pale, mimi nikaweka kopo mezani na kutangaza kwa sauti senene hao ni wa nani. Hilo halikuwa jambo la busara. Siku ile kila mtu Goziba alikuwa wa Ngenge. Lilian wa Izigo alikuwa wa Ngenge. Msukuma mmoja wa Sengerema, ambaye hakujua hata kama senene hutolewa miguu, aliapa kwamba amezaliwa Ngenge.

"Dada Edvina," Avit alilalamika, "utaniharibia ghala."

Tulicheka mpaka nikaketi. Niliwagawia wote, kila mtu kidogo, na Avit akawaandika kwao kwa kweli.

Alikuja kijana mmoja karibu na mwisho, mkono wake umechanwa na waya. Alisema anaishi Goziba. Avit akamuuliza kwao ni wapi.

"Hapa hapa," alisema. "Andika Goziba."

Avit aliandika, hakubishana. Nilisafisha kidonda na kukishona, na muda wote kijana alikuwa anatazama kopo.

"Senene wa nani?"

"Kuna mama mmoja wa Ngenge, amewatumia watu wa kwao."

Nilimwekea waliobaki kwenye kiganja kizima. Hakuwala mbele yetu, alikifunga kiganja na kuondoka. Tulikuwa tumekwisha kufungua turubai ili tuondoke wakati aliporudi, amebeba samaki waliokaushwa vizuri. Aliomba lile kopo, akawapanga ndani, akafunika.

"Chombo cha mtu hakirudi kitupu," aliniambia. Kisha akamgeukia Avit, bila kumtazama usoni. "Kaka, lile swali la pili. Weka Ngenge."

Avit alifungua kishikwambi upya, akaandika.

Jumapili nilimpelekea Mama Klaudia kopo lake, baada ya misa. Sikusema neno, naye hakuuliza. Alifunua pale uwanjani, akawatazama wale samaki muda mrefu, watu wakitupita. Kisha alinishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Kasinge, waitu," alinishukuru kwa Kihaya. "Na yule kijana wa ghala, mwambie asante."